Maji ya Rwenzori

Mtu akiulizwa mito ya Rwenzori yatoka wapi, hujibu upesi, "Kwenye barafu." Jibu hilo lina ukweli kidogo tu.

Mlima huu uko mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake, Margherita, chafika meta 5,109, na katika Afrika wazidiwa kimo na Kilimanjaro na Kenya peke yake. Hiyo miwili ni milima ya volkeno, lakini Rwenzori ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu hapo ardhi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa.

Barafu yake yapungua sana. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipoupanda, ilienea kama kilomita za mraba 6 na nusu. Mwaka 2003 ilibaki kama 1 tu. Kwa Wakonzo, ambao wazee wao walisema Kitasamba akaa katika theluji hiyo, hasara si ndogo. Hata hivyo, wataalamu waliopima mto Mubuku waliona kwamba maji ya barafu hayafiki sehemu 2 katika 100.

Basi maji yatunzwa wapi? Juu ya mashamba kuna msitu, kisha mianzi, kisha vichaka virefu kama miti, vilivyovikwa kuvumwani hata matawi hayaonekani. Juu zaidi ndipo iliposimama lobelia, mmea uliomzidi mtu kimo, ambao usiku hukunja majani yake ili baridi isiue moyo wake. Chini ya hiyo yote ni vinamasi (mpandaji huzama mpaka magotini!), navyo ni kama sifongo: hunywa mvua na kuitoa polepole.

Safari ya maji hayo ni ya ajabu. Mubuku hushuka mashariki mpaka Ziwa George. Maji hupita mfereji wa Kazinga, huingia Ziwa Edward, kisha kwa mto Semliki huuzunguka mlima kwa nyuma, upande wa Kongo, yakikutana na ndugu zao walioteremka magharibi. Yote huenda Ziwa Albert na mto Naili.

Mvua isipopata pa kunyonywa hushuka yote kwa siku moja. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika Kilembe, ukaviringisha mawe makubwa, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli; lakini mteremko uliolimwa mpaka ukingoni mwa mto hauna cha kuizuia.