Bei ikiyumba, utajuaje kama dalali wako wa forex anakutendea haki?

Wasikilizaji wanaofanya biashara ya forex kwa simu hutuuliza: "Niliweka oda ifungwe kwa bei hii, mbona imefungwa kwa nyingine? Nimeibiwa?"

Tuanzie soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Tuseme umemwambia dalali: bei ikishuka hadi shilingi 70,000 kwa gunia, uza. Jioni anakuletea 66,000. Huenda mzigo mwingi uliingia kwa mpigo na hakuna aliyetoa zaidi. Huenda pia aliuza 69,000, akatia tofauti mfukoni. Utajua ukiwauliza wenzako waliouza saa ile ile.

Forex ni hivyo hivyo. Oda ya kuzuia hasara ni agizo la kuuza bei ikifika mahali fulani. Si ahadi kwamba mnunuzi atakuwepo hapo. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro moja. Ndani ya dakika chache yuro ilianguka chini ya faranga moja. Oda nyingi zilifungwa mbali na bei zilizowekwa, baadhi ya wateja wakabaki na madeni, na kampuni ya Alpari ya Uingereza ikafilisika.

Kwa hiyo bei kuteleza mara moja si ushahidi wa wizi. Angalia mwenendo.

Kwanza, kwa kila oda andika saa, bei uliyoomba na bei uliyopata.

Pili, linganisha na bei ya dakika ile ile kwa dalali mwingine.

Tatu, angalia upande. Oda ya kuzuia hasara ikiteleza, kwa kawaida hukuumiza. Lakini oda ya kununua au kuuza papo hapo inapaswa mara nyingine kukupa bei nzuri kuliko uliyoiona. Kama miezi inapita na kila tofauti inakwenda kwa dalali, ondoka.

Nne, uliza kama hasara yako ni faida yake. Madalali wengi wa mtandaoni ndio wanaonunua unachouza.

Kabla ya yote, iulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) kama ana leseni. Bila leseni, hata daftari lako likiwa safi namna gani, hutakuwa na pa kulipeleka. Na hela ya ada au ya mbegu isiingie huko kabisa.