Nafasi kati ya nota na nota

Nota nzima huimbwa kwa mapigo manne, robo nota kwa pigo moja. Je, kwenye karatasi nota nzima ipewe nafasi mara nne ya robo nota? Asiyewahi kuchapa muziki atajibu ndiyo bila kusita. Wachapaji wa muziki wa Ulaya walilikataa jibu hilo zamani. Karatasi ikigawanywa kwa kufuata muda peke yake, nota ndefu huachiwa uwanja mtupu, na zile fupi husongamana hata mwimbaji asijue ameishia wapi.

Kanuni waliyoifuata ni kwamba muda ukiongezeka maradufu, nafasi huongezeka, lakini si maradufu. Programu za leo za kuandikia muziki zimeirithi kanuni hiyo na kuipa tarakimu. MuseScore 4, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua, huanza na uwiano wa 1.5. Kwa hiyo, kama robo nota imepewa milimita 6, nusu nota itapata 9 na nota nzima 13.5. Dorico huanza na takriban 1.41, na hapo nota nzima hupata mara mbili tu ya robo nota ingawa inadumu mara nne. Finale nayo ilikuwa na jedwali lililopewa jina la Fibonacci, ambalo uwiano wake hukaribia 1.6. Hakuna hata moja kati ya tarakimu hizi iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni makadirio ya kile ambacho macho ya watu waliobobea yalikiona kinafaa.

Na watu hao walikuwa na subira ya ajabu. Katika miji kama Leipzig, Ujerumani, mchongaji wa muziki alifanya kazi kwenye bamba la metali laini, akiandika kinyumenyume ili chapa itoke sawa kwenye karatasi. Kabla ya kugonga nota ya kwanza alikuwa ameshapima mstari mzima: vipimo vingapi vitaingia, nota gani ina diezi au bemoli inayodai nafasi, maneno yataishia wapi. Akikosea, alilazimika kuligonga bamba kutoka nyuma ili kulisawazisha, kisha aanze upya. Alijua pia kwamba jicho hudanganyika. Nota yenye kijiti kinachopanda ikifuatwa na yenye kijiti kinachoshuka, vijiti hivyo viwili hukaribiana, na nota zenyewe huonekana zimebanana hata kama rula inasema ziko sawa. Basi aliziachanisha kidogo. Mpangilio ukiwa kinyume, alizisogeza zikaribiane.

Kompyuta ilifundishwaje haya? Mwaka 1987 John Gourlay wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alieleza njia ya kuutazama mstari wa muziki kama mfululizo wa springi na fimbo. Kati ya kila nota na inayofuata pana springi. Nota ikiwa ndefu, springi yake nayo ni ndefu. Fimbo ni umbali ambao hauwezi kupunguzwa: upana wa kichwa cha nota, wa diezi, wa silabi iliyo chini yake. Programu huuvuta mfululizo huo mpaka ufike ukingo wa kulia wa ukurasa, kila springi ikitanuka kwa kadiri yake. Fimbo hazitanuki wala hazisinyai.

Kwa mtunzi wa kwaya, matatizo mengi huanzia kwenye fimbo hizo, na hasa zile za maneno. Silabi za Kiswahili kwa kawaida ni fupi, jambo ambalo ni neema, lakini upana wake hutofautiana sana. Katika m-to-to silabi ya kwanza ni herufi moja; katika ku-a-ngu-shwa ya mwisho ni herufi nne, tena kukiwa na w. Silabi hizo nne zikiandikwa kwenye nota nne za nusu pigo, ambazo zingepaswa kupishana sawasawa, programu itaitenga ile ya mwisho ili maneno yasigongane. Mwimbaji wa sauti ya nne anayesoma kwa mara ya kwanza ataona pengo, na mguu wake utasita pale ambapo pigo halisiti. Lawama za uimbaji wa namna hiyo mara nyingi hubebeshwa mazoezi haba.

Mtunzi anayeliona pengo hilo hushawishika kuikamata nota kwa kipanya na kuiburuta. Hapo ndipo mambo huharibika. Katika muziki wa sauti nne, nota zinazoimbwa kwa pamoja husimama kwenye safu moja ya wima, na moja ikitolewa kwenye safu huonekana kama inaingia baadaye. Aliyekwisha kuburuta nota kumi anaweza kujiokoa: katika programu ya Sibelius, Ctrl+Shift+N huifanya ikokotoe upya nafasi za sehemu aliyoichagua.

Dawa yenyewe huwa ni rahisi zaidi. Katika MuseScore, na katika Sibelius vilevile, ukichagua mstari wa wima unaofunga kipimo kisha ukabonyeza Enter, mstari wa muziki unakatwa hapo na vipimo vinavyofuata vinashuka chini. Vipimo vinne badala ya vitano, na msongamano unatoweka bila nota kuguswa. Ikishindikana, maandishi ya wimbo yapunguzwe ukubwa kidogo. Uwiano wa nafasi ubadilishwe baada ya hapo, tena kwa wimbo mzima. Kuna wanaopenda kuweka vipimo vinne vinne katika kila mstari, vyote vya upana mmoja, wakiona huo ndio unadhifu. Lakini mistari inayofanana kupita kiasi humpoteza msomaji: anainua macho kumtazama mwalimu wa kwaya, akiyarudisha hajui alikuwa mstari wa pili au wa tatu.

Suala hili la nafasi liliwagusa wengi tarehe 26 Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilipotangaza kwamba inaacha kuiendeleza Finale, iliyokuwa sokoni tangu 1988. Waliohamia kwingine walisafirisha nyimbo zao kwa mfumo wa MusicXML. Nota zilifika, maneno yalifika, lakini nafasi kwa kawaida hukokotolewa upya na programu inayopokea. Ukurasa uliokuwa umetulia huweza kufunguka na mistari isiyokatwa palepale, na kazi ya kuipanga ikabidi irudiwe.

Mstari wa mwisho nao unataka jicho. Wimbo ukiishia na vipimo viwili vilivyovutwa kuujaza ukurasa mzima, nota za tamati hutawanyika kana kwamba zinaimbwa polepole. MuseScore huuacha mstari wa mwisho bila kuuvuta ukiwa haujafikia asilimia 30 ya upana wa ukurasa, na kiwango hicho kinaweza kubadilishwa. Wachapaji wengi, hata hivyo, wangependelea kuchukua kipimo kimoja au viwili kutoka mstari wa juu na kuvishusha, ili mstari wa mwisho ujae kwa haki.