PUMZI HUPUNGUZA MAUMIVU

Mtu akiumwa hukaza mwili na kuhema upesi. Misuli ikikaza, maumivu huzidi. Tarehe 11 Aprili 1994, watu waliokimbilia ETO Kicukiro walizuiwa Sonatubes, Kigali, wakapelekwa Nyanza kuuawa. Wako walionusurika wakiwa na makovu, na hofu ambayo Wanyarwanda huiita ihahamuka, yaani kukosa pumzi.

Msaidie mgonjwa hivi:

1. Mkalishe vizuri, alegeze nguo.
2. Avute hewa puani polepole, ukihesabu hadi 4.
3. Aitoe mdomoni ukihesabu hadi 6, akilegeza mabega na ngumi.
4. Arudie kwa dakika 5. Akisikia kizunguzungu, apumzike.

Usimlazimishe kufumba macho. Huenda akaona yaliyopita. Dawa asiache. Akiumwa kifua ghafla, mpeleke zahanati haraka.