Shilingi 10 Kwenye Ncha ya Leso

Nauza maembe hapa sokoni Machakos. Wateja wakibishana juu ya Charity Ngilu, mimi hukumbuka shilingi 10. Mwaka 2004, akiwa Waziri wa Afya, ada ya zahanati ilishushwa hadi hapo. Kituo cha afya, 20. Niliifunga sarafu kwenye ncha ya leso, nikaenda na kikohozi changu, nikarudi na dawa.

Mzaliwa huyu wa Mbooni aliingia Bungeni 1992 kupitia Kitui ya Kati, akawania urais 1997. Mswada wake wa bima ya afya ulipitishwa na Bunge 2004, lakini Rais Kibaki hakuutia saini. Ngilu alifutwa kazi 2007 alipomuunga mkono Raila Odinga. 2017 Kitui ikampa ugavana.

Wengine wampime kwa vyeo. Mimi nampima kwa ile leso.