Nyumba ya Bati na Malaria ya Kujirudia: Mfano wa Madibira

Mtoto anapoletwa zahanati na malaria kwa mara ya tatu katika msimu mmoja, wahudumu wa afya huuliza kuhusu chandarua. Swali hilo ni la lazima. Kwa nadra, hata hivyo, tunauliza kuhusu nyumba ambamo chandarua hicho kimetundikwa.

Madibira, wilayani Mbarali, huonyesha vizuri uzito wa swali hili. Skimu ya mpunga inayotegemea maji ya Mto Ndembera ina takriban hekta 3,000, na majaruba yenye maji yaliyotulia ni mazalia ya mbu aina ya anofelesi. Mpunga huo ndio unaolipa ada na kununua bati. Hakuna daktari atakayemshauri mkulima aukaushe. Kinga, basi, sharti itafutwe pia kwenye nyumba yenyewe.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliuliza paa, kuta na sakafu zimejengwa kwa vifaa gani. Kwa kipimo cha namna hiyo, nyumba ya tofali za kuchoma na bati huonekana bora. Lakini mbu hajali tofali. Huvutwa na hewa tunayoitoa tunapopumua, hupanda akifuata ukuta, kisha hupenya katika uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 12 ya watoto waliolala katika nyumba zilizowekewa wavu na kuzibwa uwazi huo. Katika nyumba zilizoachwa kama zilivyokuwa, ilikuwa asilimia 19. Upungufu wa damu ni mojawapo ya athari kubwa za malaria ya kujirudia kwa mtoto.

Hapa pana mtego. Kwa familia inayopikia kuni ndani, uwazi huo ndio njia ya moshi. Ukiuziba kabla ya kuhamisha jiko, umemkinga mtoto dhidi ya mbu ukamweka katika hatari ya nimonia. Tena chumba kisichopitisha hewa chini ya bati huwa na joto kali, na mtu aliyeshindwa na joto hukunja chandarua. Kwa hiyo jiko litangulie kutoka, hata kama ni kwenda kwenye banda la nyasi uani. Yafuate madirisha mawili yanayotazamana, yenye wavu uliobanwa vizuri kwa fito. Ndipo uwazi uzibwe kwa vipande vya tofali na udongo. Mwenye fedha kidogo aanze na chumba wanacholala watoto na mama mjamzito. Mpangaji, kwa bahati mbaya, mara nyingi hana ruhusa ya kugusa ukuta. Hapo afisa afya azungumze na mwenye nyumba.

Chandarua chenye dawa kiendelee kutumika, na homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo, kwani wapo mbu wanaouma jioni watu wakiwa bado uani. Kuikagua nyumba hakuhitaji kifaa: mchana, funga mlango na madirisha, kisha tazama juu. Panapopenya mwanga, mbu naye ana njia.