Chipu ya Nguvu: Gari Gani Linafaidika, Gari Gani Linaumia

Kidude chenyewe kinaenea kiganjani. Huchomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ile ile ambayo fundi huchomeka mashine ya kusomea hitilafu. Maelekezo yake ni mepesi: washa swichi, chomeka, bonyeza kitufe, subiri taa ziwake, kisha endesha kilomita kama 200 ili kidude kijifunze tabia za dereva. Baada ya hapo, boksi linaahidi, injini itakuwa na nguvu zaidi. Kingine cha umbo hilo hilo, chenye rangi tofauti, kinaahidi kupunguza matumizi ya mafuta. Mtandaoni vyote viwili huuzwa kwa dola chache.

Mwaka 2018 wataalamu wa usalama wa kompyuta wa kampuni ya Ufaransa, Quarkslab, walikichunguza kimojawapo kinachouzwa kwa jina la Nitro OBD2. Walirekodi mawasiliano yanayopita kwenye nyaya za gari kabla ya kukichomeka na baada ya kukichomeka. Hakuna ujumbe hata mmoja mpya ulioonekana. Walipofungua plastiki walikuta kitufe, vitaa kadhaa na chipu moja ndogo. Kipande kinachohitajika ili kuzungumza na kompyuta ya gari hakikuwepo. Wakaondoa hata ganda la ile chipu ili kuhakikisha hakikufichwa humo, na humo pia hakikuwemo. Kazi ya kidude kizima ilikuwa kuwasha na kuzima taa.

Huko ndiko chini kabisa katika soko hili. Juu kabisa wako mafundi wenye vipimo, kompyuta na ujuzi wa miaka, ambao kweli huongeza nguvu za injini, wakati mwingine kwa kiasi kinachoshangaza. Mnunuzi anayesimama kati yao hawezi kupambanua asipojua jambo moja la msingi: nguvu ya injini inatoka kwenye hewa.

Ili gramu moja ya petroli iungue sawasawa, inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Pampu na nozeli zinaweza kumwaga petroli nyingi kuliko inayohitajika. Kilicho haba ndani ya silinda ni hewa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pistoni zake tu, na kikomo chake kinawekwa na ukubwa wa silinda pamoja na mgandamizo wa hewa ya nje. Hakuna programu inayopanua silinda.

Tazama Toyota Vitz au Probox yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi zipatazo 109. Nguvu hizo ni za usawa wa bahari, mathalani Mombasa. Gari hilo likifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu, mgandamizo wa hewa umeshapungua kwa takriban asilimia 18, na nguvu za injini zimeshuka kwa kiasi kinachokaribia hicho, ingawa ubaridi wa hewa unafidia kidogo. Dereva anayeona gari limechoka kwenye mpando wa Limuru huenda hana gari bovu hata kidogo. Sasa, fundi hodari akiandika upya programu ya injini ya namna hii, anachovuna ni asilimia 2 hadi 5, yaani farasi wawili hadi watano. Mwinuko peke yake umeshachukua zaidi ya 15.

Hii ndiyo sababu jibu kwa wenye magari mengi yanayotembea Afrika Mashariki, Vitz, IST, Premio, Fielder na ndugu zao, ni fupi: pesa ya chipu ibaki mfukoni.

Kuna wakati chipu ilikuwa chipu kweli. Bosch ilitoa mfumo wa D-Jetronic wa kuongoza petroli kwa umeme mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600, na kufikia miaka ya 1980 magari mengi yalikuwa na kompyuta ambayo maelekezo yake yameandikwa kwenye chipu ya kuchomeka. Fundi aliing'oa, akapachika nyingine. Leo maelekezo hayo huandikwa upya kwa waya kupitia soketi ya uchunguzi. Kinachouzwa ni majedwali: petroli kiasi gani, cheche iruke lini, turbo ijaze hewa kiasi gani, kwa kila mwendo wa injini na kila mzigo. Ubora wa kazi yote umo katika tarakimu hizo, na aliyeziandika ama ameipima injini husika au ameotea.

Kati ya kidude cha taa na programu ya kweli ipo aina ya tatu, na hiyo inastahili kuogopwa zaidi kwa sababu ina madhara. Ni rezista, kipande cha umeme cha bei ya shilingi chache, kilichofungwa ndani ya kiboksi kizuri na kuuzwa kama chipu ya nguvu. Kompyuta ya gari hupima joto la hewa inayoingia kwa sensa ambayo ukinzani wake hupanda hewa inapopoa. Kwenye Toyota nyingi, sensa hiyo ikiwa kwenye nyuzi 20 huonyesha ukinzani wa kilo-omu mbili na ushee. Anayefunga kiboksi hukata mawasiliano ya sensa hiyo na kuweka mahali pake rezista yenye ukinzani mkubwa zaidi. Tangu hapo, mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32, kompyuta inaamini kwamba gari limeegeshwa kwenye baridi kali.

Hewa baridi ni nzito. Kwa hiyo kompyuta inaongeza petroli na kuwahisha cheche, na siku za mwanzo dereva anaweza kuhisi gari limechangamka. Lakini sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona petroli imezidi, na kompyuta inaanza kuipunguza tena. Ikishindwa kufidia, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, sensa ya oksijeni haitegemewi tena kurekebisha mara moja, mchanganyiko unabaki mzito, na petroli isiyoungua huenda kuharibu masega ya kusafishia moshi yaliyo ndani ya ekzosi, ambayo bei yake inapita ile ya kiboksi mara nyingi.

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye cheche. Ile sensa ya joto iliwekwa kuilinda injini. Hewa ikiwa ya moto, mchanganyiko ndani ya silinda huwa tayari kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake, jambo ambalo fundi hulisikia kama injini inayogonga, na kompyuta inayojua hivyo huichelewesha cheche. Kompyuta iliyodanganywa haiicheleweshi. Kwenye 1NZ-FE, ambayo ina sensa ya kupima uzito wa hewa moja kwa moja, uongo kuhusu joto huangukia zaidi kwenye cheche kuliko kwenye petroli. Sensa ya kusikiliza kugonga kwa injini itakuja kuokoa hali kwa kuirudisha cheche nyuma, na gari litaishia lilipokuwa au chini ya hapo. Mwenye gari amelipa ili kumfumba macho mlinzi wa injini yake.

Mambo yanabadilika kabisa gari likiwa na turbo.

Turbo husukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, na kiasi cha msukumo huo kinaamuliwa na kompyuta. Hapo programu ina hewa ya kuongeza. Volkswagen Golf GTI ya lita 2.0, iliyotoka kiwandani na farasi 200 au 210, hufikishwa karibu 250 kwa programu nzuri pekee, bila kubadilisha kipuri. Ongezeko la asilimia 20 kwenye injini za turbo ni la kawaida, na anayelikanusha hasemi kweli.

Kwa nini basi kiwanda kiliacha nguvu hizo bila kuzitumia? Kwa sababu gari moja litauzwa mahali penye petroli nzuri na mahali penye petroli hafifu, kwenye jangwa na kwenye theluji, kwa dereva anayebadilisha oili kwa wakati na kwa yule asiyebadilisha. Nafasi iliyoachwa ni akiba ya siku mbaya. Anayenunua programu anaitumia akiba hiyo, na ni haki yake kufanya hivyo akijua anachokitumia.

Toyota wenyewe wametoa mfano mzuri. Injini ya dizeli ya 1GD-FTV ya lita 2.8 ilipoingia kwenye Hilux mwaka 2015 ilikuwa na kilowati 130 na msokoto wa hadi Nm 450. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi kilowati 150 na Nm 500. Ongezeko hilo la nguvu la asilimia 15 halikuja kwa programu pekee: turbo ilibadilishwa ikawekewa beringi za gololi, mfumo wa nozeli ukaboreshwa, na upoozaji pia. Muuzaji anayeahidi asilimia 30 kwa injini ile ya awali, bila kugusa bolti hata moja, anapaswa kueleza joto la ziada litakwenda wapi.

Maboksi mengi ya dizeli hufanya kazi kwa kumdanganya pia mwenye maamuzi. Boksi huingia kati ya kompyuta na sensa ya mgandamizo wa mafuta, huripoti kwamba mgandamizo uko chini, na kompyuta inaupandisha. Tofauti na rezista ya petroli, hapa nguvu huongezeka kweli, kwa kuwa injini ya dizeli kwa kawaida ina hewa ya ziada. Bei yake ni moshi mweusi, joto kali kwenye ekzosi na mzigo kwa pampu, nozeli na pistoni. Wenye Prado na Hilux za 1KD-FTV, injini ambayo hata bila kuongezwa chochote ina sifa ya nozeli zenye shida na pistoni kupasuka, wana kila sababu ya kukataa. Na Land Cruiser yenye 1HZ ya lita 4.2, ile inayobeba watalii na dawa za hospitali kwenye njia za vumbi, haina hata pa kufunga boksi: pampu yake ni ya kimakanika na nguvu zake hazipangwi na kompyuta.

Suala la Subaru linahitaji uangalifu wake. Forester na Impreza za turbo zinapendwa mno Kenya, na nyingi zililetwa zikiwa zimetumika Japani, ambako ziliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko. Programu iliyopakuliwa kutoka kwa fundi wa ng'ambo, iliyoandikwa kwa petroli hiyo, ikiwekwa kwenye gari linalonyweshwa petroli ya kituo cha kawaida, huleta kugonga kule kule kulikotajwa. Injini za EJ zenye turbo, hasa za lita 2.5, zinajulikana kwa pistoni kuvunjika kwenye kuta za ringi. Programu ya Subaru iandikwe na mtu aliyelipima gari hilo hilo, kwa petroli ya hapo hapo, na katika mwinuko ambako litaendeshwa.

Kuna vifaa vingine vinavyofungwa kwenye pedali ya mafuta. Havileti farasi hata mmoja. Vinafanya pedali iitike haraka, na wauzaji waaminifu wanasema hivyo.

Jambo moja haliwezi kupuuzwa. Baadhi ya programu za dizeli huuzwa pamoja na kuondoa kichujio cha masizi na mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini. Nchini Marekani, shirika la mazingira la EPA lilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vidhibiti vya moshi katika muda wa miaka kumi hivi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 2012. Anayeuvuta si mwenye gari aliyefunga vioo, bali abiria kituoni, muuza mahindi kando ya barabara, na mtoto anayetoka shule.

Kwa mwenye gari la turbo ambaye bado anataka, kazi ianze kabla ya programu. Plagi zilizochoka, filta ya hewa iliyojaa vumbi, bomba la turbo linalovujisha na matairi yenye upepo mdogo humnyima nguvu alizokwisha kuzinunua. Oili na klachi zikaguliwe pia, maana msokoto mpya utapita humo. Kisha amtafute fundi mwenye mashine ya kupimia nguvu kwenye magurudumu, adai grafu mbili za siku moja, moja kabla ya kazi na nyingine baada yake, na aone tarakimu za uwiano wa hewa na mafuta pamoja na joto. Nakala ya programu ya kiwandani isomwe na kuhifadhiwa kabla ya kuandika chochote, na mwenye gari apewe ya kwake, ili siku injini itakapoanza kugonga gereji yoyote yenye vifaa iweze kuirudisha.