Injini ya Dizeli Katika Toyo ya Petroli

Chombo kitokacho Ikwiriri hukutana na njia mbili: lami iendayo Kibiti, na udongo wa mfinyanzi wa bonde la Rufiji, ambao masika huugeuza utelezi. Kwa sababu hiyo wenye toyo, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, au wenye ile ya magurudumu manne, hushawishika kung'oa injini ya petroli na kuweka dizeli ya silinda moja, kama ya pawatila. Husemwa kuwa dizeli ina nguvu. Neno hilo lahitaji kupimwa kabla spana haijashikwa.

Msokoto ni kani ya kuzungusha mhimili. Kazi ifanywayo kwa kila sekunde hupimwa kwa kilowati. Zidisha kilowati kwa 9,550, gawanya kwa mizunguko ya dakika moja, nawe utapata msokoto kwa nyutoni-mita. Tuchukue injini ya petroli ya kilowati 10 kwa mizunguko 7,000: msokoto wake ni 13.6. Dizeli ya kilowati 6 kwa mizunguko 2,200 hutoa 26, karibu maradufu. Lakini uwiano wa gia ukibaki uleule, chombo kilichokwenda kilomita 40 kwa saa sasa kitakwenda 12 na nusu hivi. Matopeni si neno; kwenye lami ni adha. Nawe ukibadili gia ili kuirudisha kasi, msokoto ufikao gurudumuni utakuwa sehemu 6 tu kwa 10 za ule wa petroli.

Isitoshe, klachi na giaboksi ya pikipiki kwa kawaida zimo katika kasha moja na injini, hivyo hutoka pamoja nayo. Difu na ekseli hubaki, zikipokea msokoto ambao hazikuundiwa.

Upande wa mafuta, kabureta hutegemea boya, na chombo kikiinama sana kiwango cha petroli ndani yake huvurugika. Mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli hauna kasoro hiyo, ila hutaka betri nzima na nyaya kavu. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, bila plagi. Lakini maji yakiingia kwa njia ya hewa hayashindiliki, na mkono wa pistoni hupinda. Mdomo wa kuvutia hewa hauna budi kuinuliwa. Dumu la dizeli nalo liachwe litulie, na mashapo ya chini yasimiminwe tangini, kwani pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe.

Kwa aendaye Kibiti kila siku, mimi ningeiacha petroli na kupunguza gia tu.